Kutoa na Kutoka

Watu wa kijiji chetu wakisimulia habari za Mbuke huanza na siku ya baraza, kwa sababu siku hiyo walikuwepo wengi na kila mmoja anataka ijulikane kwamba alikuwepo. Mimi siwezi kuanzia hapo. Nikianzia hapo nitatukana, na mimi ni mtu wa kwaya. Acheni nianze na udongo.

Mimi ni mfinyanzi, jina langu Sekela. Mama yangu alitokea kwa wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, akaolewa Uyole, na alipoondoka duniani aliniachia mikono na mdomo. Mikono inafinyanga vyungu, mdomo unaviuza sokoni Mwanjelwa, na mwanangu Alinanuswe amesoma kwa hivyo viwili. Mume wangu alinileta huku Usangu kwenye mpunga, akafariki, nikabaki na kibanda na shimo langu la udongo. Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Tukapangwa kwa mistari kama askari, nyumba na nyumba, na kiwanja kilichofuata changu wakapewa Wasukuma waliokuwa wameshuka na ng'ombe zao kutoka kaskazini.

Walikuwa ndugu wawili. Shigela, mkubwa, ndiye aliyekuwa na maneno. Masunga, mdogo, alikuwa mtu wa ng'ombe na kimya. Mbuke alikuwa mke wa huyu mdogo, na hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyomwita: Mke wa Masunga. Mimi ni Mama Alinanuswe, jirani wa upande wa pili ni Mama Esta. Mbuke hakuwa mama wa mtu yeyote, kwa hiyo hakuwa na jina. Watu walimhesabia miaka yake ya ndoa mbele ya uso wake, utadhani ni kiziwi. Mimi nilimwita Mbuke. Mara ya kwanza nilipomwita hivyo aligeuka kutazama nyuma yake, amwone huyo mwingine anayeitwa.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea moto na chumvi. Ng'ombe wao walipoingia kwenye mahindi yangu alikuja mwenyewe mbio, akapiga magoti mlangoni. "Mayu," akasema, maana kwao mama ni mayu, "ile ng'ombe amekula ile mahindi yako. Mimi naleta mgongo, wewe unapiga." Nilicheka mpaka hasira zikaniisha. Sikumpiga, nilimpa jembe apande upya, na tangu siku ile akawa mtu wa kwangu.

Udongo wangu aliupenda kabla hajanipenda mimi. Alikuwa amechunga ng'ombe utotoni, nyumbani kwao hakukuwa na wavulana, na wachungaji wa kwao hupitisha mchana wakifinyanga ng'ombe wa udongo. Basi anakaa kwenye kivuli cha ukuta wangu, ananisaidia kuponda vigae na kukanda, na bonge linalobaki analigeuza ng'ombe. Huyu kakatwa sikio. Yule anakaribia kuzaa, unamwona kwa jinsi alivyotanua miguu ya nyuma. Nilimtania, "Mwanangu, hiki kitu hakishiki maji. Atakayekinunua atapika maharage mgongoni kwa ng'ombe?" Anacheka kaziba mdomo, anaendelea.

Asubuhi moja nikakuta dirishani pangu mwanamke wa udongo, urefu wa kiganja, ana bangili mkononi kama zile za shaba alizovaa Mbuke, na tumbo limechomoza kidogo. Nikaita juu ya ua, "Huyu nani?" Akainamisha kichwa, akajigusa kifua. Alinieleza baadaye kwamba kwao mwanamke hatangazi mimba kwa mdomo wake, na mbele ya wakwe ndiyo kabisa. Nilitaka kupiga vigelegele nikajizuia. Nikamfundisha kulifanya lile tumbo liwe wazi ndani na kulitoboa tundu kwa nyuma, kwa sababu udongo mzito ukiingia motoni unapasuka. Tukamchoma yule mwanamke pamoja na vyungu vyangu, akatoka mzima, mwekundu.

Sasa hapa ndipo anapoingia Saulo, na Mungu anisamehe.

Saulo alikuwa mwenyekiti wetu wa kijiji. Alikuwa na baiskeli, shati la mifuko minne, na sauti ya mkutano wa hadhara hata akiomba maji ya kunawa. Mwaka ule tulikuwa tunajenga shule. Shule inataka matofali, matofali yanataka maji. Wanaume walichimba na kukanyaga udongo, wanawake tulibeba maji kutoka mtoni, debe kichwani, kuupanda ule mteremko mpaka kwenye tanuri. Sikatai kazi. Shule ni yetu na watoto ni wetu. Lakini tumbo la Mbuke lilikuwa limefika pale ambapo kila mwenye macho analiona, na alikuwa na hofu, kwa sababu mimba mbili za kwanza hazikufika. Hilo aliniambia kwa mikono: vidole viwili, halafu akanifunulia kiganja kitupu.

Nilikwenda kwa Saulo kwa miguu yangu. Nilimkuta uani anafuta baiskeli.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "huyu mtoto wa watu mpe kazi ya kukaa. Apike uji wa mafundi, aangalie watoto, chochote."

"Mimba si ugonjwa, Mama Alinanuswe." Hata kitambaa hakukiweka chini.

"Sijasema ugonjwa. Nimesema debe."

"Mke wangu Damari alibeba maji mpaka siku ya kujifungua. Leo nimwachie huyu, kesho kijiji kizima kitakuwa na mimba! Asiyebeba, mgao wa mahindi asiuone. Uhuru na kazi!"

Damari alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Aliposikia jina lake aliingia ndani. Mimi nilirudi nyumbani. Mvua zilikuwa zimetukataa, tulikuwa tunakula yale mahindi ya njano ya serikali, na kumnyima mtu mgao ilikuwa ni kumwambia afe. Kwa hiyo Mbuke akabeba. Akabeba asubuhi, akabeba alasiri, bangili zinagonga debe, nami nyuma yake nasikia.

Siku moja sikumwona kwenye msururu. Jioni akaja kwangu kajifunga kaniki, midomo imekauka, akaomba chungu. Kidogo, akasema, kile kibovu, kisichouzwa. Nilikuwa nacho kimoja kilichopata ufa shingoni, nikampa, nikidhani ni cha kuwekea chumvi. "Wabeja," akashukuru, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema tumbo. Nikamwambia akalale, nikaendelea kufunga vyungu vyangu kwa nyasi, maana kesho yake nilikuwa na lori la kwenda Mwanjelwa.

Niliporudi nilikuta kijiji kinachemka. Mama Esta alinivuta pembeni kabla sijatua mzigo. Kulikuwa na mkutano wa kijiji, akanieleza, na Saulo akawasimamisha wote ambao hawakufika kazini. Alipofika kwa Mbuke akamuuliza mbona alipotea siku zile. Na Mbuke, mbele ya wanaume wote wale, mbele ya shemeji yake, akaokota Kiswahili chake kidogo akakikusanya, akasema, "Mimi nilitoa mimba."

Jamani!

Aliyezaliwa na Kiswahili, au aliyekipata shuleni, hawezi kuteleza hapo. Mimba imetoka, ni msiba: majirani wanakuja na kuni, wanakukalisha, wanakupikia uji. Umetoa mimba, ni polisi. Katikati yake ni herufi moja, k peke yake, na Mbuke wa watu, aliyekuwa amejifunza maneno yake kwa kusikiliza juu ya ua, hakuisikia hiyo k.

Lakini ngoja. Kinachonichoma si yeye kukosea. Kila siku ya Mungu kijiji hiki kilikicheka Kiswahili cha Mbuke. Ile ng'ombe amekula ile mahindi, waliigiza mpaka watoto, waliigiza hata kwenye kilabu cha pombe. Mwanamke akisema "ile mbuzi wangu" mnajua anakosea, mnaangua kicheko. Siku hiyo moja tu ndipo Kiswahili chake kikawa safi! Siku hiyo hakuna aliyemuuliza, mama, unataka kusema nini? Neno likachukuliwa kama lilivyotoka mdomoni, likabebwa juu juu, na aliyelibeba wa kwanza ni Saulo. Unajua kwa nini? Mimba ikitoka, watu watauliza imetoka kwa sababu gani, na jibu limo ndani ya debe. Mwanamke akiitoa, basi debe halina kesi.

Ikaamuliwa shauri lake lisikilizwe Jumatatu iliyofuata, kisha apelekwe polisi Mbeya. Shigela akasema kabla ya polisi yeye anataka ng'ombe za mahari zirudi, na mwanamke arudi kwao. Masunga aliwaacha hapo. Alikwenda kwenye zizi.

Nilimkuta Mbuke jikoni, chungu cha ugali mbele yake, hakuna aliyekuja kula. Nikakaa. Nilikuwa na hasira na yeye pia, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa na mimi nikaambilika.

"Mbuke, ulikunywa dawa gani?"

"Dawa?"

"Nani alikupa dawa ukaitoa?"

Akanitazama. "Mayu, mimi nabeba maji. Mimi naanguka pale juu. Mimi natoa."

"Uliitoa, au ilitoka?"

"Si moja?" akauliza.

Nikachukua chungu chake cha maharage, nikaingiza mkono, nikatoa punje moja. "Tazama. Hii nimetoa." Nikairudisha, nikakiinamisha chungu mpaka punje ikabingiria yenyewe chini. "Hii imetoka. Mimi sikugusa."

Aliitazama ile punje pale sakafuni. Ndipo akashika kichwa. "Mayu! Mimi nimesema nini mbele ya watu?" Akalia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kulia tangu lile jambo limpate. Nami nikalia naye, nikimlaani Saulo katikati ya machozi, majina ambayo sitayarudia hapa.

Nilisimama niende nikamwambie Saulo ukweli usoni. Mbuke akanishika kanga. "Wewe unasema, wao wanasema, mayu amemfundisha. Mimi nasema mwenyewe."

"Utasema kwa Kiswahili gani, mwanangu? Tumeona kilivyokufanya."

Alitoka nje, akaruka ua, akaenda kukaa mahali pake kwenye kivuli cha ukuta wangu, akavuta udongo.

Wiki ile sikufinyanga chungu hata kimoja. Nilimkandia. Nimeona mikono ya wafinyanzi tangu nimezaliwa, lakini nilikuwa sijaona mtu anayefinyanga kama anayeapa. Alifanya wanawake watatu wenye debe kichwani, wote ni yeye, bangili zile zile. Wa kwanza kasimama wima. Wa pili goti limeanza kukunja. Wa tatu shingo imezama mabegani na mkono mmoja umeliacha debe, umeshika tumbo. Akafanya mwanamume mmoja, kanyoosha mkono anaonyesha mlimani, na kwa unyasi akamchora kifuani mifuko, minne. Akafanya mwanamke aliyeanguka. Akafanya mwanamke aliyepiga magoti, kajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe asisikike. Huyo nilishindwa kumtazama.

Cha mwisho kilikuwa chungu kidogo, cha kuingia kwenye kiganja, na kifuniko chake. Nikakishika. Shingoni kilikuwa na ufa, kauchora kwa unyasi, unapinda kushoto na kurudi. Ulikuwa ni ufa wa chungu changu. Nikainua kifuniko. Ndani alikuwa amelala mtu mdogo kama ganda la haragwe, na kichwa, na mikono imekunjwa.

"Yuko wapi, Mbuke?" nikauliza.

"Nyuma ya nyumba. Pale maji ya kuoga yanamwagika, pale baridi." Alimzika peke yake, kwenye chungu nilichompa nikidhani ni cha chumvi, huku mimi upande wa pili wa ua nahangaika na nyasi za kufungia vyungu. Watu wa nyumbani kwake walikuwa wamekaa mbele ya nyumba wanakula.

Tukavikausha jikoni, tukavichoma kwa mavi ya ng'ombe, taratibu. Nilimsomesha maneno yake huku tunapulizia. Imetoka. Sikutoa. Ile k aliipiga kama mtu anavunja karanga.

Baraza lilikaa ndani ya shule yenyewe, haijaezekwa bado, jua linatuangukia, kuta za matofali yale yale ya maji yetu. Wazee wamekaa kwenye benchi, Saulo kwenye meza ya mwalimu, wanawake nyuma tumesimama. Masunga alikuwa amesimama peke yake ukutani, kofia mkononi. Niliingia na ungo uliofunikwa kanga, nikautua mezani mbele ya Saulo. Mbuke akafunua.

Watu wakanyoosha shingo. Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, "Si Mwenyekiti huyo? Mifuko hiyo!" Saulo akainama kutazama, akajiona, akaruka kutoka kwenye kiti.

"Uchawi!" akapiga kelele. "Nimefinyangwa! Mmeona kwa macho yenu, nimefinyangwa! Mtu asiguse hivi vitu! Atakayegusa shauri lake!"

Wazee wawili walihama benchi. Mimi mdomo ukanicheza. "Uchawi wa mchana kweupe juu ya meza, Ndugu Mwenyekiti? Mchawi gani anakuletea dawa kwenye ungo? Wewe unaogopa udongo, debe hukuliogopa?"

"Mtoeni huyu mama!"

"Ebo! Nani atanitoa? Njoo wewe mwenyewe!"

Hapo ndipo tukasikia sauti ambayo wengi wetu hatukuwa tunaijua. "Ni mke wangu," alisema Masunga kutoka ukutani. "Aonyeshe."

Mbuke akaanza kupanga. Bangili zilikuwa zinagonga meza. Akamweka mwanamke wa kwanza. "Huyu mimi. Asubuhi." Wa pili. "Huyu mimi. Mchana." Wa tatu. "Huyu mimi. Tumbo inauma. Mayu alikwenda akaomba, wakakataa." Akamlaza aliyeanguka. "Hapa naanguka, pale kwa mawe." Kisha yule aliyepiga magoti. Alipomweka huyo, wanawake nyuma walianza kuguna, mmoja mmoja, ule mguno tunaoujua sisi. Mbuke akajinyoosha, akamtazama Saulo.

"Hapa mimba inatoka. Mimi sikutoa. I-li-to-ka."

Saulo alikuwa amejibanza kwenye kona mbali na ungo, lakini sauti alikuwa nayo. "Siku ile ulisema umetoa! Kijiji kizima kilisikia! Leo umefundishwa neno jipya?"

Nilifungua mdomo. Mbuke aliniwahi. Alimchukua yule mwanamume wa mifuko minne, akamnyanyua juu watu wote wamwone, akamweka taratibu kando ya mwanamke aliyeanguka.

"Ndiyo, kuna mtu ametoa," akasema. "Ni huyu."

Hilo mimi sikumfundisha. Wallahi sikumfundisha, na mimi ni Mkristo.

Masunga akatoka ukutani, akaja mezani, akatazama kile chungu. Akapitisha kidole kwenye ufa. "Hiki nilikiona nyumbani," akasema. "Halafu sikukiona." Akainua kifuniko. Alimtoa yule mdogo, akamweka kiganjani, akamuuliza mkewe jambo kwa Kisukuma, sauti ya chini. Mbuke akajibu kwa Kisukuma, na kwa mkono akaonyesha upande wa nyumba yao, nyuma, kwenye maji ya kuoga. Masunga alimrudisha yule mdogo chunguni, akafunika. Kisha akamgeukia kaka yake Shigela, akasema kwa Kiswahili ili tusikie wote: "Ng'ombe hazirudi."

Wakaondoka wawili, yeye na mkewe, yeye amebeba chungu. Shigela alitazama chini. Saulo akatangaza kwamba shauri limeahirishwa.

Limeahirishwa! Mpaka leo limeahirishwa. Mbuke hakupelekwa Mbeya na hakurudishwa kwao, hilo tulilipata. Lakini nani alimwita Saulo akamwambia, ndugu, eleza? Hakuna. Mwanamke alikosea herufi moja nusura afungwe, mwanamume aliua kwa debe akabaki na kiti chake. Shule ilifunguliwa, akahutubia, akasifu nguvu kazi ya akina mama, tukapigishwa makofi. Halafu ikaja kazi ya zahanati, matofali mengine, maji mengine, na wenye mimba wakapangwa kwenye msururu kama kawaida. Mimba si ugonjwa.

Mama Esta ndiye aliyekuja wa kwanza. "Nipe udongo kidogo," akasema, akitazama pembeni. Nilidhani anataka kuziba jiko. Alikaa na Mbuke kwenye kivuli cha ukuta, na vidole vyake vinene vya jembe vikatoa mwanamke mbaya mbaya, kichwa kikubwa, anamnyonyesha mtoto ambaye hana uso. Alizaliwa amekufa, akasema, yule aliyemfuata Esta, na mimi nikashangaa, miaka yote ya kukaa ua kwa ua sikuwa nimejua. Akaja mwingine. Akaja aliyeitwa mgumba na mume aliyeoa wake watatu bila mtoto hata kwa mmoja. Yeye alifinyanga mwanamume, akamtoboa tumbo tupu, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mbuke aliwaonyesha jinsi ya kuacha nafasi ndani ili kisipasuke. Walikuwa wameanza kumwita kwa jina lake.

Damari alikuja wa mwisho. Mke wa Saulo! Tuliacha kukanda sote alipopita ua. Hakusalimia, alikaa, akavuta udongo. Alifinyanga mwanamke mwenye debe, na miguuni kwa mwanamke akaweka kitoto kimelala chali. Alipomaliza akafuta mikono kwenye nyasi. "Nilibeba maji mpaka siku ya kujifungua," akasema. "Hilo anawaambia. Hakulia, huyu. Hilo hawaambii."

Hakuna aliyeamua, kusema kweli. Tulivichoma, na asubuhi ya kazi tukavipanga kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, tangu ngazini hadi mlangoni. Saulo akaja na baiskeli yake. Akasimama. Yeye mwenyewe alikuwa amewatangazia watu kwamba ni uchawi na mtu asiguse, na katika kijiji chote aliyeamini neno hilo kuliko wote alikuwa yeye. Akajaribu kupita upande huu, akarudi. Akajaribu upande ule, akaona pa kukanyaga hamna. Akachungulia dirisha, nadhani alipima kama anaenea. Kisha jicho lake likaangukia kile cha Damari, na kitu gani alikitambua pale sijui, lakini alinywea, baiskeli ikamponyoka ikalala chini.

Sisi tulikuwa tumesimama barabarani, madebe matupu miguuni. Akatutazama, akamchagua aliyezoea kumchagua.

"Wewe, Mke wa Masunga! Toa vitu vyenu hapa!"

Mbuke alisogea mbele. Alikuwa na mimba nyingine, changa, mimi peke yangu ndiye niliyejua, maana alikuwa ameniwekea dirishani.

"Mimi sitoi," akasema, kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekicheka. "Wewe toa debe kwanza, Mwenyekiti. Hivi vitatoka vyenyewe."